Miaka Yangu na Sinema Zisizotisha

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu nilikunywa chai yangu yote ikiwa bado moto. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu kila ifikapo saa tatu asubuhi kulikuwa na mtu wa kuuawa, na mimi nilitakiwa niwe nimeketi mbele yake nikiangalia kama anauawa vizuri. Siku hiyo hakuuawa mtu. Nilimaliza chai, nikaosha kikombe, nikatazama ukuta. Ndipo nikaamua kuandika haya, kwa ajili yenu mnaobaki kwenye kipindi chetu cha redio hapa Bungoma, mnaoendelea kuwaambia watu filamu ipi inafaa na ipi ni ya kuwapotezea mchana. Habari za vyeo mtazijua wenyewe, na mshahara mnaujua tayari, kwa hiyo hayo nitayaruka.

Mimi ni Nekesa, mtu wa Bokoli. Kazi niliianzia Kitale, katika duka la kukodisha kanda za video la Mzee Jaswant, Singasinga mmoja mpole aliyependa sinema za mapenzi zenye nyimbo nyingi, na ambaye hakuweza kutazama hata panya akifa. Wateja wake walitaka vitu viwili tu: ngumi na mizuka. Ngumi hazikuwa na shida. Mizuka ndiyo iliyoleta kesi. Mteja anachukua kanda kwa sababu jalada lina meno na damu, anafika nyumbani anakuta watu wanazungumza jikoni saa nzima na nusu, kisha mlango unalia kidogo, basi, imeisha. Kesho yake anasimama dukani na hasira za kudanganywa. Mzee alichoka na kelele hizo, akaamua kwamba kila sinema ya kutisha na ya wasiwasi itazamwe kwanza na mtu wa duka, na maoni yake yaandikwe kwenye kadi ndogo inayobandikwa juu ya jalada. Kazi hiyo alimpa Mama Kamau, na Mama Kamau ndiye aliyenifundisha mimi.

Mama Kamau alikuwa mama wa kanisa hasa. Familia yake ilitoka Nyeri ikaja kulima Trans-Nzoia yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na tangu nimjue hakuwahi kukosa ibada ya Jumapili wala sweta yake ya bluu. Alikuwa ameona mashetani wengi kuliko mchungaji wake, na alipenda kulisema jambo hilo mbele ya mchungaji mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka chumba cha nyuma, mlimokuwa na runinga na deki ya kanda. Nikakimbilia kufunga pazia.

"Unafunga pazia ya nini?" akaniuliza.

"Si ni sinema ya kuogopesha?"

"Fungua. Fungua na mlango." Mlango wa nyuma ulikuwa unatazama ua wa hoteli ya jirani, wanakokatia mboga za sukuma na kuimba. "Ukiweka giza, giza ndio itakuogopesha. Sasa sinema itafanya kazi gani?"

Kisha akanipa sinia ya maharagwe, akajiwekea yake mapajani, akasema, "Chambua." Hakunieleza zaidi. Nilichambua. Kwenye runinga kijana mmoja akaenda peke yake kwenye ghala, akaliwa. Dada yake akaenda kumtafuta, peke yake, akaliwa. Mimi nikatoa mawe, nikatoa maganda, nikatoa yaliyoliwa na dudu. Sinema ilipoisha Mama Kamau akapitisha kiganja katikati ya sinia yangu, polepole, kama mtu anayepapasa homa kwenye paji la uso wa mtoto. Hakupata hata jiwe moja.

"Safi kabisa," akasema. "Kwa hivyo sinema ni mbaya. Andika."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu, na sijawahi kuona mizani bora. Sinema ikikushika, mikono inasahau, na mawe yanabaki. Isipokushika, maharagwe yanatakata. Macho yanaweza kukudanganya, hata moyo, lakini mikono haina haya. Alikuwa akisema kwamba nyoka akiingia jikoni saa tatu asubuhi utaruka tu, hutangoja jua lizame, na kwa hivyo sinema inayohitaji giza ili itishe ni mvivu. Hoteli ya jirani ilifurahi sana na utaratibu huo. Walituletea maharagwe yao yote, na kwa jinsi sinema zilivyokuwa mbovu miaka ile, nadhani hakuna mtu aliyevunjika jino Kitale kwa kula pale.

Kosa langu la kwanza nililifanya wiki hiyo hiyo. Ilikuja sinema moja ya upelelezi, ndefu, nikaichukia, nikaandika kwenye kadi: "Inachosha. Muuaji ni daktari." Nilidhani nimesaidia watu. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja akasoma, akairudisha kanda kwenye rafu, akasimama akinitazama. Mama Kamau alinitoa nyuma ya kaunta akanisimamisha mbele ya yule mwalimu nimwombe msamaha. Kisha akanielekeza. Sema mahali usingizi unapoanza. Sema kama mwisho ni wa haki au ni wa wizi. Usiseme nani alikufa, kwa sababu hata sinema mbovu ina siri yake, na siri hiyo si yako. Niliandika kadi nyingine, na yule mwalimu akawa mteja wetu wa miaka.

Kwa wale mnaopenda orodha sina orodha, lakini ukitazama maelfu ya mizuka unaanza kujua mapema inakoharibika. Sinema dhaifu hukosa woga ikanunua kelele. Kila kitu kimya, halafu paka anaruka kutoka kabatini na ngoma inapigwa kwa nguvu. Hapo hujaogopa, umeshtuka tu, hata sufuria ikianguka utashtuka. Halafu kuna ile ya watu kumi kuingia nyumba mbaya na mmoja wao kusema, "Tugawanyike." Mama Kamau alikuwa akimjibu, kwa sauti, "Gawanyikeni tu, nyumbani kwenu hawawapendi." Kuna watu ambao hawawashi taa katika nyumba yenye umeme. Kuna muuaji ambaye amekaa kimya sinema nzima, na mwishoni, akiwa ameshika kisu juu ya steringi, yule shujaa wa sinema, anaanza kueleza maisha yake kama mgeni rasmi aliyepewa kipaza sauti, mpaka polisi wanafika. Na kuna ile mbaya kuliko zote, ambapo steringi anaamka na kumbe ilikuwa ndoto. Kwa hizo Mama Kamau hakuandika maoni. Alichora tu kitanda.

Wateja nao walitufundisha. Kulikuwa na muuza nyama mmoja karibu na stendi, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, ambaye hakuweza kuvumilia damu ya uongo. Alirudisha kanda siku moja akaiweka kaunta kwa huzuni. "Nekesa, bana, ati hiyo ni damu? Damu haikai nyekundu hivyo. Ikikaa kidogo inaenda nyeusi. Na yule mtu alikuwa amekatwa mguu, mara anaongea! Mimi siwezi." Tangu hapo sinema zenye kukatakata tulimwita aje atazame dakika kumi. Akikunja uso tuliandika: "Damu imekataliwa na mtaalamu." Watu walielewa.

Kadi ngumu kuliko zote za miaka ile haikuwa yangu, ilikuwa ya Mama Kamau. Kwaya ya kanisa lake ilirekodi mchezo wa jehanamu kwenye kanda, mchungaji akiwa ndiye mtunzi, na Mzee Jaswant akakubali kuiweka dukani. Kila mtu alingoja kuona atafanya nini. Alitazama saa tatu asubuhi, mlango wazi, sinia mapajani, kama sinema nyingine yoyote. Aliandika: "Nyimbo nzuri. Shetani anasahau maneno yake na kumwangalia mwenzake. Moto hautoshi." Mchungaji alikaa muda mrefu bila kumsalimu. Mama Kamau aliendelea kuketi benchi la mbele kila Jumapili, na sadaka yake akatoa.

Baadaye Mzee akafungua duka la pili Bungoma, akanituma mimi nikalishike. Nililia ndani ya choo cha duka, kisha nikafunga mzigo. Kila wiki kanda zilisafiri kati ya maduka mawili, na ndani ya katoni Mama Kamau alirudisha kadi zangu zikiwa na maandishi ya penseli pembeni. "Ndefu." "Umeeleza sana." Mara moja tu aliandika, "Hapa umeogopa mtu," na ilikuwa kweli: aliyetengeneza sinema ile alikuwa mtoto wa diwani, nami nilikuwa nimelegeza. Nilibandua ile kadi nikaandika nyingine.

Kisha mambo yakabadilika kama mnavyojua. Kanda zikafa, zikaja sidii, zikaja flashi, na kila mwenye kompyuta akawa duka. Mzee Jaswant alizeeka, watoto wake wakageuza duka la Kitale kuwa la simu, na la Bungoma likafungwa. Mama Kamau akahamia Lugulu kwa binti yake aliyeolewa huko. Mimi nikaitwa redioni, kila Jumamosi saa nne asubuhi, niwaambie watu maoni yangu kwa mdomo. Niliwaambia wasikilizaji kuhusu sinia siku ya kwanza, na hawakuisahau. Mpaka leo hapa mjini mtu akisema sinema fulani ni "sinia safi", anamaanisha usipoteze wakati wako. Walituamini, kwa sababu miaka ile yote hatukumpendelea mtu.

Sasa nifike kwa Barasa, kwa sababu hii ndiyo kesi ninayotaka muijue kuliko zote.

Barasa ni mwalimu wa kemia Webuye. Alikuwa mteja wangu wa Bungoma tangu akiwa chuo, mbishi sana, mtu wa kurudisha kanda na kurasa mbili za malalamiko. Mwishowe akasema kulalamika kumetosha, atatengeneza yake. Akaazima kamera, akapata bohari moja kuukuu isiyotumika karibu na barabara kuu, akaandika hadithi ya mlinzi anayesumbuliwa na mzuka wa mama mzee aliyekufa akiwa na funguo mkononi. Akaiita *Godauni Namba Saba*. Akanijia akitafuta mama mzee asiyeogopa kamera. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Nenda Lugulu, umuulize Mama Kamau."

Alikubali kabla Barasa hajamaliza kueleza. Alinipigia simu akiwa na furaha ya msichana. "Nekesa, nimekufa!" akasema. "Nimewekwa kwa benchi, nimefunikwa shuka, watu wanalia. Ni kazi rahisi sana hii, kumbe wale watu wa sinema walikuwa wanatuibia."

Wiki chache baadaye alianza kuumwa na tumbo na kukonda. Jumanne moja mwanawe Kamau, ambaye ana duka la vipuri Kitale, alinipigia. Alisema majibu yametoka hospitalini na ni kansa, imeshafika kwenye ini, na hakuna la kufanya ila kumtunza. Alisema wamekubaliana nyumbani wamwambie ni vidonda vya tumbo. "Auntie, tafadhali," akaniambia, "usimwambie. Akijua atakata tamaa." Nilimwahidi. Niliweka simu chini nikakaa jikoni mpaka ugali ukaungua.

Alhamisi ya wiki hiyo Barasa akaniletea filamu. Ingeonyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa pale Webuye, na alitaka niitazame mapema. Nikafungua mlango, nikapakata sinia, nikaanza. Kabla sijatoa hata jiwe la kwanza akatokea Mama Kamau akiwa amelala juu ya benchi, macho yamefungwa, shuka nyeupe mpaka kidevuni, na wanawake watatu wa Lugulu wakimlilia. Mikono yangu ilisimama. Sikuweza kuchambua. Filamu iliendelea mpaka mwisho na sikumbuki niliwaza nini. Ilipoisha nikatazama sinia. Maharagwe yalikuwa vile vile, na mawe yake yote.

Hapo ndipo nilipokosa. Ndani yangu nilijua mikono ilisimama kwa sababu gani, na haikuwa kwa sababu ya Barasa. Lakini nilikuwa na kisingizio mapajani, nikakishika. Jumamosi nikasema hewani, "Wasikilizaji, sikuchambua hata punje moja." Nikasema Barasa ni fundi. Nikasema yule mama anayecheza marehemu ana kipaji cha ajabu, ni mnyenyekevu, na kazi yake itakumbukwa daima. Niliongea dakika tano na sauti ikanitetemeka. Mtangazaji mwenzangu alidhani ni sinema ndiyo iliyonigusa.

Watu walijaa ukumbini saa tisa. Wengine walitoka Bungoma, wengine Bokoli, wote kwa neno langu. Na filamu, sasa nikiitazama na watu na bila sinia, ilikuwa mbovu. Mlinzi aliogopa mara nne kwa sauti ile ile. Mzuka ukitembea unasikia malori ya barabara kuu, na kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama, ngoja lori ipite!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Kamau alipolala kwenye benchi wakacheka zaidi, na kwa sababu nzuri. Barasa alisimama karibu na mlango na uso wake sikuweza kuutazama.

Alinifuata nje. Hakupiga kelele, heri angepiga.

"Madam, mimi nilikuletea Alhamisi ndio uniambie ukweli," alisema. "Si ningekata zile part? Si hata ningeahirisha? Sasa wanafunzi wangu wataniita Godauni mpaka nistaafu."

Nilimwambia nimekosa. Aliniuliza ni nini kilinifanya nisifu vile, nami sikuweza kumwambia.

Jumatatu Mama Kamau akapiga simu. "Kuja," akasema, akakata.

Nilifika Lugulu karibu saa tano. Alikuwa ameketi kwenye veranda ya binti yake, sweta ya bluu imekuwa kubwa kwake, kikombe cha uji mkononi. Binti alikuwa shambani. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akanionyesha kiti.

"Nilikuskia kwa redio," akasema.

"Ndiyo, Mama Kamau."

"Halafu Barasa akaniletea hiyo filamu kwa simu yake, nikaiona. Yote." Akaweka kikombe chini. "Ni mbaya, Nekesa. Ni mbaya mpaka nilitaka kuimaliza haraka. Nikasema, huyu mtoto nilimfunza mimi. Hawezi kukosa kuona hii. Sasa kwa nini amesifu hivyo?"

Niliinama nikakisogeza kikombe chake mbali na mguu wake.

"Nimefikiria siku mbili. Ati 'mnyenyekevu'. Ati 'atakumbukwa'. Vile uliongea ni vile watu huongea kwa matanga." Alinitazama kwa yale macho yaliyokuwa yakisoma kadi zangu. "Watoto wangu wameniambia ni vidonda, na mimi nilikuwa nimeamini. Kamau anajua kuongea, bana. Lakini wewe hujui kudanganya. Sasa kwanza niambie sinema. Ukweli."

Nikamwambia. Nilianza na malori, nikaja kwa mlinzi, nikaja kwa damu ambayo ilikuwa juisi na hata nzi waliijua. Nikasema hadithi ilikuwa nzuri mpaka katikati, halafu Barasa akaogopa kunyamaza. Alikuwa akitikisa kichwa, akikubali moja moja.

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mbaya kuliko wote."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa marehemu na unapumua. Shuka ilikuwa inapanda na kushuka. Tena mara moja ulijikuna."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa uchungu, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. "Ilikuwa ni viroboto!" akasema. "Hiyo benchi ilikuwa na viroboto! Nilimwambia Barasa arudie, akasema hakuna mtu ataona." Alipanguza macho kwa kona ya leso. Akavuta blanketi juu ya magoti.

"Haya. Sasa ile ingine."

"Niliahidi sitasema."

"Kwa hivyo iko."

"Iko."

"Ni kansa?"

"Ni kansa. Imefika kwa ini."

"Wanajua tangu lini?"

"Wiki iliyopita, Jumanne."

Aliangalia shamba la jirani, mahali ambapo mtu alikuwa anapalilia mahindi. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Kisha akageuka, na alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Na mimi nimeacha pilipili," akasema. "Wiki nzima. Nimekula chakula kama ya mtoto, ati vidonda. Enda jikoni, kuna chupa nyuma ya unga."

Nilimletea. Akatia kwenye ndizi za kupikwa zilizokuwa zimebaki, akala vijiko vitatu, akasema vinatosha. Wakati naondoka aliniambia nimwambie Barasa asihuzunike, na kama anataka kuipiga tena ile sehemu ya maiti, angoje kidogo.

Jioni ile ile alimwita Kamau. Kamau naye alinipigia. "Uliniahidi," alisema. Nikamwambia ndiyo, niliahidi, na nimevunja. Akakata simu.

Jumamosi iliyofuata nilisema hewani kwamba nilidanganya kuhusu *Godauni Namba Saba*, nikaeleza makosa yake yote niliyokuwa nimeyaficha, nikamwomba Barasa msamaha na wasikilizaji pia. Sababu sikuisema. Barua na simu zilikuwa kali, na nilistahili. Barasa aliikata upya ile filamu, ikawa fupi kidogo na mbaya kidogo. Sasa anaandika nyingine.

Mama Kamau aliishi mpaka mahindi yakavunwa. Alimpigia simu dada yake wa Nyeri, ambaye walikuwa hawasemezani tangu baba yao azikwe, na dada akaja akakaa naye wiki mbili, wakigombana na kucheka. Alichagua nyimbo zake mwenyewe akakataza moja ambayo kwaya huimba polepole sana. Alimwita mchungaji akamwambia kwamba miaka imepita lakini maoni yake hayajabadilika, moto haukutosha. Alikula pilipili.

Kamau hajanisemesha tangu mazishi. Tukikutana Kitale huniamkia kwa kichwa tu akapita. Simlaumu. Alikuwa anamlinda mama yake kwa njia aliyoijua, na mimi niliingia katikati. Lakini nikirudishiwa siku zile, ahadi ile nitaivunja tena, na mapema zaidi, nikiwa nimeketi karibu naye na kumtazama usoni. Jambo moja tu ndilo linaloniamsha usiku na ambalo sina dawa yake: kwamba Mama Kamau alipata habari ya kifo chake redioni, Jumamosi asubuhi, kwa sauti yangu, nikiwa namsifu.